Michezo ya Vita na Uzito wa Mzinga: Somo kutoka Mombo

Utangulizi

Mchezaji wa bao achukuapo kete shimoni na kuzipanda moja moja katika mashimo yafuatayo, hamlipi mtu yeyote gharama ya safari hiyo. Kete haichoki, haili, wala haikwami topeni. Hilo si kosa la bao, maana bao halidai kuonyesha mwendo wa kitu chochote cha duniani. Ipo hata hivyo michezo mingine idaiyo hivyo. Michezo ya vita, ambayo huchezwa juu ya ramani, juu ya meza yenye vinyago vidogo, na siku hizi katika kompyuta na simu, humwambia mchezaji kwamba kipande hiki ni kikosi cha askari, kile ni kifaru, na kile kingine ni mzinga. Maadamu mchezo umetoa dai hilo, mwanafunzi wa sayansi au wa historia ana haki ya kuuliza: je, ni kweli kwamba vitu hivi vilisogea namna hiyo?

Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kuitazama silaha moja tu, yaani mzinga mzito. Hasa yanauangalia mzinga wa kujiendesha, ambao ni mzinga uliopandishwa juu ya gari lenye injini yake wenyewe. Katika michezo mingi kipande hiki ndicho kipendwacho kuliko vyote, kwa kuwa hupiga mbali na husogea upesi. Lakini ili kufahamu injini ilileta nini vitani, ni lazima kwanza kufahamu kazi iliyofanywa kabla ya injini kuwapo. Kwa shabaha hiyo, mfano mkuu unatoka Mombo, katika Wilaya ya Korogwe, ambako mwaka 1916 majeshi mawili yalipita yakivuta mizinga na kubeba risasi zake kwa reli, kwa toroli na kwa mabega ya watu.

Asili ya mchezo wa vita

Mchezo wa vita wa namna ya kisayansi ulianzia Prussia. Mwaka 1824 ofisa wa mizinga aitwaye Georg von Reisswitz, akiendeleza kazi ya baba yake, alitoa kanuni za mchezo uliochezwa juu ya ramani ya kipimo cha 1:8,000. Kila zamu ilikuwa sawa na dakika mbili za mapigano ya kweli. Wachezaji walitoa amri, naye mwamuzi aliyesimama kati alipima masafa, akatupa dadu, akaamua matokeo. Jeshi la Prussia liliupokea mchezo huo kuwa chombo cha kufundishia maofisa wake.

Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu kiitwacho Little Wars, chenye kanuni za mchezo wa askari wa bati na mizinga midogo ya kuchezea iliyorusha vijiti vya mbao. Kitabu hicho kilikuwa cha burudani, lakini kina kanuni moja inayostahili kukumbukwa: mzinga haukuweza kutumika isipokuwa kulikuwa na askari wasiopungua wanne karibu yake. Kwa maneno mengine, Wells alikwishatambua kwamba mzinga peke yake ni chuma tu, na kwamba kinachoufanya uwe silaha ni watu wauzungukao. Michezo mingi iliyofuata iliuhesabu mzinga na kuwasahau watu hao.

Aina mbili za mizinga

Mzinga wa kukokotwa huwekwa juu ya kigari chenye magurudumu na kuvutwa na watu, wanyama au lori. Unapofika mahali pake hutenganishwa na kivutacho, hulazwa imara ili usirudi nyuma unapopiga, huelekezwa, na ndipo hupiga. Unapotakiwa kuondoka, kazi yote hiyo hurudiwa kinyume. Mzinga wa kujiendesha haumalizi wala hauondoi kazi hiyo yote, ila huipunguza sana, kwa sababu kivutacho na kivutwacho ni kitu kimoja.

Mizinga ya namna hii ilijaribiwa Ulaya katika Vita Kuu ya Kwanza, na ikaenea katika Vita Kuu ya Pili. Mfano ujulikanao sana ni M7 wa Marekani, ambao Waingereza waliuita Priest na kuutumia katika mapigano ya El Alamein huko Misri mwezi Oktoba 1942. Ulikuwa na mtutu wa milimita 105 juu ya gari la minyororo lenye uzito wa takribani tani 23. Ulibeba risasi 69 na uliweza kupiga zaidi ya kilomita 10. Sehemu yake ya juu ilikuwa wazi kabisa, nayo mabamba yake ya chuma yalikuwa membamba kuliko yale ya kifaru.

Maelezo haya yanafichua kosa la kwanza la wachezaji wengi. Wakiona minyororo na mtutu, huupeleka mzinga wa kujiendesha mstari wa mbele kana kwamba ni kifaru. Ukweli ni kwamba kazi yake ilikuwa nyuma, kilomita kadhaa, ukipiga shabaha ambazo wapigaji wenyewe hawakuziona. Aliyeziona ni mtazamaji aliyekuwa mbele, akipeleka habari kwa simu au redio. Mtazamaji huyo akifa au waya wake ukikatika, mzinga huwa kipofu hata kama una risasi tele.

Mombo mwaka 1916

Mombo ni mji mdogo chini ya milima ya Usambara Magharibi, mahali ambapo njia ya Lushoto huiacha barabara kuu na kuanza kupanda. Reli ya Wajerumani iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Urefu wake wote, kutoka Tanga hadi Moshi, ulikuwa kilomita 352. Reli hiyo ilithibitisha thamani yake ya kijeshi mwezi Novemba 1914, pale askari wa Wajerumani walipoletwa kwa treni kutoka upande wa Moshi kuja kuilinda Tanga, nao wakapita Mombo njiani.

Silaha nzito kuliko zote walizokuwa nazo Wajerumani zilitoka baharini. Meli yao ya vita Königsberg, iliyokuwa na mizinga kumi ya milimita 105, iliizamisha meli ya Waingereza Pegasus huko Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika maingilio ya Mto Rufiji. Waingereza waliishambulia kwa meli mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, tarehe 6 na 11 Julai 1915, na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Hata hivyo, mizinga yote kumi ilitolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, na katika karakana ya reli ikaundiwa vigari vya magurudumu. Mzinga uliobuniwa kukaa juu ya sitaha ya meli na kubebwa na maji sasa ulitakiwa kutembea nchi kavu.

Katika mapigano ya Kahe ya mwezi Machi 1916, kusini ya Moshi, mmoja wa mizinga hiyo ulikuwa umefungwa mahali pamoja, na mwingine ulipandishwa juu ya behewa la reli. Wajerumani walipolazimika kuondoka, ule uliofungwa haukuweza kuhamishwa, nao wakaulipua wenyewe. Ule wa juu ya behewa uliweza kwenda, lakini tu kule reli ilikokwenda. Jambo hili ni somo kamili la mbinu: silaha mbili zilizo sawa kwa mtutu, kwa risasi na kwa masafa, zilikuwa na thamani tofauti kabisa kwa sababu ya kilichokuwa chini yake.

Mwishoni mwa mwezi Mei 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yalianza kushuka kufuata Mto Pangani na reli, na katika mwezi Juni yakaishika Mombo, kisha Korogwe na Handeni. Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck walikuwa wamejitayarisha kurudi nyuma kuelekea Reli ya Kati. Tatizo lao lilikuwa kwamba reli mbili za koloni hazikuunganishwa. Kwa hiyo walitandika reli nyepesi ya toroli kutoka Mombo hadi Handeni, wakitumia vifaa vilivyotoka katika mashamba makubwa. Toroli hizo hazikuwa na injini. Zilisukumwa kwa mikono.

Hesabu ya kuvuta

Kwa nini watu wahangaike kutandika reli ambayo haina garimoshi? Jibu linapatikana katika somo la fizikia la kidato cha pili. Kitu chenye magurudumu kikivutwa kwenye uwanja tambarare, kani inayohitajika, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma, ni sehemu fulani tu ya uzito wake. Sehemu hiyo hutegemea ardhi iliyo chini ya gurudumu. Kwa ajili ya zoezi, ichukuliwe kwamba mzinga pamoja na kigari chake una tani 4, yaani uzito wa nyutoni 40,000, na kwamba mtu mmoja aweza kuvuta kwa kani ya nyutoni 100 kwa muda mrefu bila kuishiwa nguvu. Kwa makadirio ya kawaida matokeo ni haya:

Juu ya reli tambarare (sehemu 1 ya 200): nyutoni 200, watu 2.
Juu ya barabara kavu iliyoshindiliwa (1 ya 20): nyutoni 2,000, watu 20.
Juu ya mchanga au udongo laini (1 ya 8): nyutoni 5,000, watu 50.
Juu ya tope (1 ya 4): nyutoni 10,000, watu 100.

Kwenye mwinuko, sehemu ya uzito wenyewe huongezeka juu ya hesabu hiyo. Mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 10 huongeza nyutoni 4,000, yaani watu 40. Hivyo mzinga uliokwama katika tope la mwinuko kama huo wahitaji watu 140 kwa wakati mmoja. Na kwa kuwa hakuna awezaye kuvuta mchana kutwa, lazima iwepo zamu ya pili ya kuwapokea, na jumla yawa watu 280. Bado hawajahesabiwa wakata miti, watengeneza madaraja, na wale washikao kamba nyuma mzinga unapoteremka. Ndiyo maana habari za vita hivyo husimulia mamia ya watu nyuma ya mzinga mmoja. Idadi hiyo si chumvi ya wasimulizi. Hesabu yenyewe yaidai.

Hesabu hiyo hiyo yaeleza toroli za Mombo. Toroli yenye mzigo wa kilo 500, ikiwa yenyewe ina kilo 300, huwa na uzito wa nyutoni 8,000. Juu ya reli nyepesi isiyo nzuri sana (1 ya 100) yahitaji nyutoni 80 tu. Mtu mmoja aweza kuisukuma mahali tambarare, na wawili huimudu vizuri zaidi. Mzigo huo huo wa kilo 500, ukibebwa kichwani kwa kilo 25 kila mtu, wataka wapagazi 20.

Mwanafunzi aweza kuuliza kwa nini hawakutumia ng'ombe, punda au farasi. Walitumiwa, nao walikufa kwa maelfu. Nyika za bonde la Pangani na za Handeni zilikuwa na mbung'o, ambao hueneza ugonjwa wa nagana kwa mifugo. Mchezo wa vita uliotungwa kwa kuiga Ulaya, ukampa mchezaji wa Afrika ya Mashariki farasi sita kwa kila mzinga, umekosea kabla ya zamu ya kwanza.

Hesabu ya chakula

Mzinga uliokwisha kuvutwa bado hauna faida bila risasi. Kombora moja la mzinga wa Königsberg lilikuwa na uzito wa takribani kilo 17, na pamoja na ganda lake la baruti lilikaribia kilo 25. Kwa hiyo kila risasi moja ilikuwa mzigo wa mpagazi mmoja. Mzinga ukipiga risasi 100 katika mapigano ya asubuhi moja, umemaliza safari za watu 100.

Wapagazi nao hula. Ichukuliwe kwamba kila mmoja hula kilo moja ya nafaka kwa siku na hutembea kilomita 20. Mpagazi abebaye kilo 25 za chakula kwenda mwendo wa siku nne, kisha arudi, atakula kilo 8 na kufikisha kilo 17. Akienda mwendo wa siku kumi, atakula 20 na kufikisha 5. Akienda kilomita 250, atakula mzigo wote, na waliomtuma hawatapata hata punje. Kutoka Mombo hadi Morogoro kwenye Reli ya Kati ni zaidi ya kilomita 220 kwa mstari ulionyooka, na kwa njia ya miguu ni zaidi ya hapo. Kwa hiyo, kama mpagazi angetegemea mzigo wake tu, kazi hiyo ingekuwa haiwezekani.

Iliwezekanaje basi? Iliwezekana kwa sababu chakula kilichukuliwa vijijini njiani. Pande zote mbili zilichukua nafaka na mifugo ya wenyeji, zikachukua pia vijana waliopaswa kulima msimu uliofuata. Njaa iliyoipata Ugogo baada ya hapo, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, ni sehemu ya gharama ya kusogeza mizinga. Wapagazi wenyewe walikufa kwa wingi kuliko askari. Makadirio ya wanahistoria yanakaribia watu 100,000 kwa upande wa Waingereza na washirika wao peke yake, nao wengi waliuawa na maradhi na lishe mbaya, si na risasi. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi hicho cha wapagazi, ijapokuwa wengi walitamkao hawaifahamu asili yake.

Kufikia mwezi Novemba 1917, von Lettow-Vorbeck alipovuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji, hakubakiwa na hata mzinga mmoja wa Königsberg. Yote kumi ilikuwa imeharibiwa, imeachwa au imetekwa. Mmoja umewekwa Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria. Hakuna palipowekwa kamba za waliouvuta.

Injini ilibadilisha nini

Mtu mwenye afya aweza kufanya kazi kwa kiwango cha takribani wati 75 kwa saa nyingi. Injini ya M7 ilikuwa ya nguvu farasi 350 hadi 400, yaani kilowati 260 hadi 300. Kwa kugawanya, injini moja ilikuwa sawa na watu kati ya 3,400 na 4,000. Hapa ndipo maana halisi ya mzinga wa kujiendesha inapoonekana: ni mzinga uliokuja na wavutaji wake elfu tatu na ushei ndani ya sanduku la chuma.

Lakini wavutaji hao pia hula. Gari hilo lilitumia zaidi ya lita 3 za petroli kwa kila kilomita ya barabarani. Safari ya kilomita 70, ambayo ni takribani umbali wa Mombo hadi Handeni, yataka zaidi ya lita 210, na porini yataka zaidi. Wapagazi hawakuondoka katika hesabu. Waligeuka kuwa malori ya mafuta, matangi, mafundi na vipuri. Mchezo unaoruhusu mzinga wa kujiendesha kuzunguka uwanja mzima bila kulipa mafuta umerudia kosa lile lile la kuwasahau wapagazi, ila kwa sura mpya.

Mfano wa karibu zaidi unapatikana katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Pande zote zilikuwa na mitambo ya makombora ya roketi iliyopandishwa juu ya malori, na watu wa Uganda waliyaita makombora ya Tanzania Saba Saba. Mtambo wa aina ya BM-21, uliobuniwa katika Urusi ya Kisovyeti, una mabomba 40 na hurusha roketi zote kwa muda wa sekunde 20 hivi, hadi umbali wa takribani kilomita 20. Roketi moja ina uzito wa kilo 66 hivi. Kwa hiyo katika sekunde hizo 20 mtambo mmoja huteketeza zaidi ya kilo 2,600 za risasi, na baada ya hapo ni lori tupu lisubirilo lori jingine.

Mapigano ya Lukaya yana mafundisho mawili zaidi. Barabara ya hapo hupita juu ya tuta katikati ya kinamasi, na gari zito haliwezi kuiacha hata kama injini yake ni kubwa namna gani. Tena, tarehe 10 Machi 1979, roketi zilizorushwa na majeshi ya Idi Amin na ya Libya zilipita juu ya vichwa vya askari wa Tanzania bila kuwapata. Hata hivyo wengi wa askari wa Brigedi ya 201, ambao hawakuwa wazoefu wa vita, walitawanyika kwa mshtuko. Mchezo uhesabuo majeruhi tu ungeandika kwamba mashambulizi hayo yalikuwa na matokeo ya sifuri. Siku iliyofuata hali iligeuzwa, Brigedi ya 208 ilipozunguka na kushambulia kutoka ubavuni. Iligeuzwa na mwendo wa miguu.

Kanuni zinazopendekezwa kwa darasa

Mwalimu anaweza kutunga mchezo wa namna hii kwa kutumia ramani za 1:50,000 ambazo hutumika katika somo la jiografia. Kilomita moja ni sentimita 2, hivyo umbali wa Mombo hadi Handeni ni kama mita 1.4, nao watosha juu ya meza mbili zilizounganishwa. Zamu moja iwe saa moja. Kanuni zifuatazo zatosha kwa kuanzia.

Kwanza, masafa yalingane na kipimo. Mzinga wa Königsberg uliweza kupiga takribani kilomita 12, ambazo katika ramani hii ni sentimita 24. Katika michezo ya vinyago vya kipimo cha 1:72, masafa hayo yangekuwa mita 167, zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira. Kwa hiyo mzinga unaoonekana mezani karibu na adui, aghalabu ni mzinga uliowekwa mahali pasipo pake.

Pili, kila mwendo ulipiwe. Mzinga wa kukokotwa uwe na kete za watu, na idadi ihitajiwayo itokane na jedwali la hapo juu kufuatana na ardhi. Kete zikipungua, mzinga husimama. Mzinga wa kujiendesha uwe na kete za mafuta zihesabiwazo vivyo hivyo.

Tatu, kusafiri, kujipanga na kupiga ziwe hatua tatu mbalimbali. Mzinga wa kukokotwa upoteze zamu nzima kwa kujipanga na nyingine kwa kuondoka. Wa kujiendesha uweze kupiga na kuondoka katika zamu moja. Hiyo ndiyo faida yake ya kweli, na yatosha.

Nne, pasiwe na kupiga shabaha isiyoonwa na mtazamaji, na kila risasi iondolewe katika akiba.

Tano, hofu ihesabiwe mbali na majeruhi. Kikosi kigeni kikishambuliwa na roketi, mwamuzi atupe dadu kuona kama kitasimama au kitatawanyika.

Sita, mwisho wa mchezo kila upande usome hadharani orodha ya waliokufa, wapagazi wakiwemo, pamoja na vijiji vilivyonyang'anywa chakula. Ushindi usitangazwe kabla ya orodha hiyo kusomwa.

Pingamizi na jibu

Wapo walimu wasemao kwamba vita si jambo la kuchezewa na vijana. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini vijana tayari wanaicheza michezo hiyo katika simu zao, na humo mizinga huruka kutoka kilima hadi kilima bila jasho la mtu. Mwanafunzi aliyezoea mchezo huo hujifunza, pasipo mtu kumwambia, kwamba vita ni kazi ya mashine na ujanja wa majenerali. Mwanafunzi aliyelazimika kuhesabu watu 280 kwa ajili ya mlima mmoja wa tope, kisha akakosa chakula cha kuwalisha, akaamua kuuacha mzinga au kuwaacha watu, ameonja kwa mbali uamuzi ambao watu wa kweli walikumbana nao.

Hicho ndicho kipimo cha uhalisia. Mchezo wa vita hauwi wa kweli kwa kuwa na kanuni nyingi, wala kwa kuwa na picha nzuri za minyororo na mitutu. Huwa wa kweli pale mchezaji anapotakiwa kulipa kile kilicholipwa, na kukikosa pale kilipokosekana. Kanuni kumi zisizowahesabu wavutaji zina thamani ndogo kuliko kanuni moja ya Wells ya watu wanne.

Maswali ya zoezi

1. Njia ya Mombo hadi Lushoto ina urefu wa takribani kilomita 33 na hupanda takribani mita 1,000. Tafuta wastani wa mwinuko, kisha kani inayoongezeka kwa mzinga wa tani 4. Eleza kwa nini wastani huo ungemdanganya kiongozi wa msafara.

2. Toroli ya uzito wa nyutoni 8,000 inapanda mwinuko wa 1 kwa 40 juu ya reli nyepesi. Ni watu wangapi wanahitajika, na ni mara ngapi zaidi ya wale wa mahali tambarare?

3. Mzinga una risasi 60. Kambi iko mwendo wa siku tano kutoka ghalani. Ni wapagazi wangapi wa risasi wanahitajika, na wapagazi wangapi zaidi wa kubeba chakula cha wote kwa kwenda na kurudi? Kumbuka kwamba wabeba chakula nao hula.

4. Chagua mchezo mmoja wa vita unaoufahamu. Andika mambo matatu ambayo mzinga wake hufanya bila gharama, na kwa kila moja utunge kanuni itakayolipisha gharama hiyo.

5. Waulize wazee wa mahali unapoishi kama wamepata kusimuliwa habari za watu waliochukuliwa upagazi katika vita vya 1914 hadi 1918. Linganisha masimulizi yao na hesabu zilizomo katika somo hili.